Umetia maji pombe ikachafuka: kosa ni la maji au la mtambo?

Ukishusha pombe kali kutoka asilimia 60 mpaka 40, theluthi moja ya kilichomo kwenye chupa ni maji uliyomimina wewe. Ukianzia 90 ndo kabisa, zaidi ya nusu ya chupa ni maji. Halafu mtu anahangaika wiki nzima na sukari, hamira, moto na koili ya kupozea, akimaliza anachota maji ya bomba lililo karibu anamimina, asubuhi anakuta chupa ina ukungu kama maji ya kuoshea mchele na lawama zote zinaenda kwa mtambo. Mara nyingi mtambo hauna kosa. Ila si mara zote, na kazi yenyewe iko hapo, kutenganisha kosa la maji na kosa la pombe kabla hujaanza kumwaga vitu au kununua machujio.

Mambo mawili kwanza, nayasema haraka lakini usiyaruke. La kwanza ni sheria. Tanzania gongo bila leseni ni kosa, Uganda wanataka leseni, Kenya sheria ya 2010 iliiondoa marufuku ya chang'aa lakini ikaiweka chini ya leseni, siyo kila mtu na sufuria yake. New Zealand mtu anaruhusiwa kutengeneza ya kunywa mwenyewe nyumbani tangu 1996, kuuza hapana. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya mwenye leseni ndogo, au aliyeko nchi inayoruhusu, au yule aliyenunua spiriti kali halali ya kunywa anataka kuishusha atie karafuu na maganda ya machungwa. La pili ni methanoli, ndugu wa kilevi cha kawaida lakini mwenye sumu. Methanoli inachanganyika na maji bila ukungu, haina rangi, ladha yake inafanana na pombe ya kawaida, na maji hayaiondoi, yanaipunguza makali tu huku kiasi kilekile kikiingia mwilini kikombe baada ya kikombe. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Kenya kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Kama hujui pombe yako imetoka wapi usihangaike na maji, imwage, na aliyeinywa akianza kuona ukungu machoni au kutapika hata kesho yake, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kung'aa kwa chupa siyo dalili ya usalama.

Haya, twende kwenye maji.

Anza na glasi mbili

Usibahatishe. Chukua pombe yako ileile kali kabla haijaguswa na maji, gawanya kwenye glasi mbili ndogo safi, kila moja kiasi kilekile. Ya kwanza itie maji unayotumia siku zote, ya pili itie maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa, yale ya kutoka famasi au maabara. Zote zishushe mpaka nguvu moja, funika, andika juu, ziache siku mbili tatu.

Ya kwanza ikichafuka na ya pili ikabaki safi, maji yako ndo mkosaji, kesi imefungwa. Zote mbili zikichafuka sawasawa, usiyatukane maji, tatizo limetoka na pombe. Zote zikichafuka lakini ya kwanza zaidi basi una matatizo mawili kwa pamoja, na hii inatokea sana kuliko watu wanavyodhani, ndo maana mtu anabadilisha maji anaona nafuu kidogo halafu anakata tamaa anasema maji hayahusiki.

Ukikosa maji ya famasi unaweza kuyatoa kwenye birika kwa kukinga mvuke na mfuniko baridi wa sufuria, glasi moja haikuchukui muda. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye bakuli katikati ya uwanja, siyo ya kutoka batini, nayo yanafaa kwa jaribio.

Ukungu umetokea palepale unapomimina

Kabla hujaogopa, subiri dakika kumi. Maji na pombe vikikutana vinatoa joto, ushike uone chupa inavyopata uvuguvugu, na hewa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji inakimbia kwa vipovu vidogo sana vinavyofanya kila kitu kionekane cheupe. Vikipanda juu vyote pombe inarudi kung'aa. Hiyo siyo kasoro.

Usipoondoka, fanya majaribio mawili yanayofuata kwa sababu yanajibu karibu kila kitu. Moja, weka glasi yenye ukungu kwenye friji halafu itoe uipashe kwa kuiweka ndani ya bakuli la maji ya moto, mbali na moto kabisa. Ukungu ukizidi kwenye baridi na kupotea kwenye joto, hayo ni mafuta. Usipojali baridi wala joto, hizo ni chumvi za maji. Mbili, chukua glasi nyingine yenye ukungu uongezee ile pombe kali ya mwanzo kidogokidogo. Mafuta yatayeyuka tena na glasi itang'aa kwa sababu yanakaa vizuri kwenye pombe kali, ila chumvi zitabaki au zitazidi, maana zenyewe zinachukia pombe, ndani ya maji matupu zilikuwa zimetulia ukazitia kilevi zikakosa pa kukaa.

Mafuta yakithibitika, yanatoka wapi? Mara nyingi ni yale maji ya mwisho ya mtambo, mtu amekuwa na tamaa hakukata mapema, ameendelea kukinga mpaka harufu ya kadibodi iliyolowa imeanza kusikika. Mafuta hayo yanajificha vizuri kwenye asilimia 60, ukishuka chini ya 45 hivi yanajitokeza. Maji safi kuliko yote duniani hayatakusaidia hapo. Kama umetia viungo hali ni tofauti, mafuta ya anisi au ya beri za juniper yanatia weupe yakikutana na maji na hakuna ubaya wowote, arak na ouzo ndivyo zilivyo na wanywaji wanataka weupe ule. Wa hivyo wabaki na pombe kali kidogo zaidi au waukubali ukungu.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hawakifikirii, mpira. Pombe ya asilimia 70 ikipita kwenye mpira laini wa kawaida wa plastiki, ule wa kunyonyea mafuta ya gari au wa bustani, inanyonya vilainisho vya plastiki ile, inatoka ikiwa safi machoni, ukitia maji vinatoka vyote kama maziwa. Harufu yake ni ya pazia jipya la bafuni. Glasi zako mbili zote zitachafuka na utasema ni maji ya mwisho ya mtambo kumbe ni mpira wa shilingi mia tano. Pombe kali ikae kwenye kioo au chuma kisichoshika kutu, dumu la mafuta ya kula lililooshwa siyo chombo cha pombe kali, hata likinukia vizuri.

Unga mweupe chini ya chupa baada ya siku kadhaa

Hii ndo dalili yenyewe ya maji magumu. Umejaza chupa ziking'aa, umeziweka kabatini, wiki ya pili unaziinua unaona vumbi jeupe linazunguka chini, au vijiti vidogo vinavyometa. Wengine wanadhani hawakuosha chupa vizuri.

Kinachotokea ni kalsiamu na magnesiamu. Maji yaliyopita kwenye mwamba wa chokaa yanabeba madini haya yakiwa yameyeyuka, kwenye maji matupu yanavumilika, ukiyachanganya na pombe uwezo wa kuyashika unaporomoka na yanajitenga polepole. Neno polepole ni la muhimu, kwa sababu mtu anajaribu maji yake jioni, anaona safi, anachanganya lita zote, halafu yanamkamata mwezi ujao. Maji mapya yape angalau wiki kwenye chupa ndogo ya majaribio kabla hujayaamini.

Kujua unga ni wa aina gani, mimina ile pombe ya juu taratibu, bakiza unga, uudondoshee siki nyeupe. Ukichemka vipovu na kuyeyuka ni kabonati, ndugu wa yale magamba meupe ndani ya birika. Ukikaa kimya bila kuyeyuka inawezekana ni salfeti, na hapa tofauti ina maana, kwa sababu maji ya kabonati ukiyachemsha robo saa ukayaacha yapoe na kutuama sehemu kubwa ya ugumu inabaki kwenye sufuria, unachota ya juu tu. Ya salfeti unaweza kuchemsha mpaka gesi iishe, hayabadiliki, yanazidi tu kuwa mazito kwa sababu maji yanapungua na chumvi inabaki palepale.

Bila kifaa chochote unaweza kuyakadiria maji kwa sabuni ya mche. Yakikataa povu na kuacha utando wa kijivu kwenye beseni, hayafai. Wenye vipimo wanaohesabu ugumu kwa miligramu za kalsiamu kabonati kwenye lita wanasema chini ya 60 ni laini, 121 mpaka 180 ni magumu, zaidi ya 180 ni magumu sana. Kwa pombe mimi hata ya 60 siyataki.

Sasa unakaa wapi? Hilo linaeleza mengi. Mwanza na Kampala wanakunywa Ziwa Victoria na maji yake yana chumvi chache, ukiondoa klorini huna vita kubwa. Kigoma na Bujumbura ni ziwa pia lakini usidanganyike, Ziwa Tanganyika lina chumvi zilizoyeyuka mara kadhaa kuliko Victoria, magnesiamu nyingi, na uchungu wa magadi kiasi kwamba pH yake, yaani kipimo cha uchachu na magadi ambacho 7 ndo katikati, inakaribia 9, kwa hiyo mtu anayehama Mwanza kwenda Kigoma na utaratibu wake uleule atashangaa chupa zinabadilika. Nairobi sehemu kubwa ya maji ya mfereji inatoka bwawa la Ndakaini chini ya milima ya Aberdare, hayo ni laini, ila ghorofa nyingi zinajazia kisima cha kuchimba na huwezi kujua leo bomba linatoa lipi. Pwani yote iliyo juu ya mawe ya matumbawe, Unguja na Mombasa, kisima chako ni chokaa tupu na ukikaribia bahari unaongezewa chumvi. Dar maji ya Ruvu ni afadhali, ya kisima inategemea mtaa, na boza likija hujui limechota wapi, uliza kabla hujalipa.

Kuna watu wana zile mashine za kulainisha maji kwa chumvi ya mawe. Zinatoa kalsiamu zinaweka sodiamu. Unga mweupe hautauona, sawa, lakini chumvi haijaondoka, imebadilishwa tu, na kwenye ulimi utaikuta.

Na tangi la saruji! Maji ya mvua laini kabisa ukiyaweka kwenye kisima kipya cha saruji yanakula chokaa ya ukutani, baada ya mwezi yamekuwa magumu. Mtu ataapa kwamba anatumia maji ya mvua, na anasema kweli. Tangi la plastiki halina shida hiyo.

Pia shabu. Wakati wa masika mto ukiwa tope watu wanazungusha shabu kwenye ndoo tope linazama, maji yanakuwa kioo. Kwa kunywa na kufua ni msaada mkubwa. Kwa pombe shabu ni salfeti ya alumini, umeondoa tope umeweka salfeti, halafu unashangaa mashapo.

Imegeuka rangi

Kahawia au njano ya kutu, ni chuma. Maji mengi ya visima virefu yanatoka ardhini yakiwa meupe pe, yakikaa na hewa usiku mmoja yanakuwa rangi ya chai. Mabomba ya zamani ya chuma nayo yanachangia, hasa maji yakikatika siku mbili yakarudi, yale ya kwanza usiyaguse. Jaribio lake ni rahisi na halina gharama, pika chai ya rangi iliyokolea, poza, changanya na maji unayoyashuku. Ikigeuka kijivu au nyeusi, chuma kipo. Sababu hiyohiyo inawaumiza wanaohifadhi pombe na vipande vya mti wa mwaloni, rangi nzuri ya dhahabu waliyoisubiri miezi inageuka kama wino siku ya kutia maji, maana chuma na ule ukali wa mti ndivyo wino wa zamani ulivyotengenezwa.

Bluu au kijani? Hapo toka kwenye maji nenda kaangalie mtambo wako, hiyo ni shaba imekwanguliwa na mvuke mchachu, koili haijasafishwa. Pombe hiyo haijaribiwi kwa ulimi.

Harufu ya dawa

Klorini. Ukiipata kwenye maji matupu kidogo tu, kwenye pombe utaipata zaidi kwa sababu pombe inarusha harufu puani. Na ikikutana na pombe yenye moshi au iliyokaa na mti, inazaa harufu ya plasta ya hospitali ambayo haitoki tena, hata uiache wazi wiki. Kwa hiyo inatolewa kwenye maji, siyo kwenye pombe. Weka maji kwenye ndoo pana bila mfuniko, tandika kitambaa safi kuzuia wadudu, usiku mzima, au yachemshe. Chujio la mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu kunasa harufu, linafanya haraka zaidi. Na kama ndoo ya nyumbani imetiwa dawa ya kutibu maji ya kunywa, ile ya chupa au ya vidonge, basi tumia ndoo nyingine, kwa nini ujipe kazi.

Kuna mtu atasema mkaa anao jikoni. Mkaa wa jikoni siyo mkaa amilifu, una majivu, na majivu yanatoa magadi, maji yanapata utelezi na ladha ya sabuni na pombe inaweza kuchafuka kwa sababu mpya kabisa. Mwenye kulazimika auoshe mpaka maji ya kuoshea yasiwe na utelezi wowote, lakini sioni faida ukilinganisha na kuacha ndoo wazi.

Inang'aa lakini ladha ni mbaya

Chumvi ya kawaida haitoi ukungu kirahisi kwa kiwango kidogo, ndo maana pombe ya kisima cha pwani inaweza kuwa kioo na bado ikakwaruza koo. Ukitaka uhakika onja glasi ya pili ile ya maji ya mvuke, ukiona tofauti hiyo basi huna haja ya mtaalamu. Uchungu mkavu unaobaki nyuma ya ulimi mara nyingi ni magnesiamu. Utelezi na ladha ya sabuni ni magadi.

Floridi ndo inayonisumbua mimi kwa sababu haionekani, hainuki, haichafui pombe. Arusha, Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa wanaijua kwa meno ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima huko vinapita hapo mara nyingi. Kuchemsha hakuitoi, kunaizidisha. Inatolewa na chujio la mkaa wa mifupa, au mtambo wa RO, ule unaosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia chumvi. Usilipime tatizo hili kwa chupa yako ya pombe, pima kisima, maana hayo ndiyo maji mnayopikia uji.

Upande wa pili, kuna wanaolalamika kwamba pombe iliyoshushwa kwa maji ya mvuke ni butu, haina mwili. Wana hoja kidogo. Maji laini yenye madini machache yanaipa pombe umbo mdomoni. Ila hilo ni suala la mtu ambaye chupa zake tayari zinakaa miezi bila mashapo, siyo la kuanzia.

Basi maji gani?

Kwangu mimi chaguo la kwanza ni maji ya RO, yale ya vituo vya kujaza madumu ya lita ishirini ambavyo siku hizi viko kila mtaa. Lakini usiamini bango, nenda na kipimo cha TDS mfukoni, yaani cha jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini, ni kidude cha bei ndogo. Kikisoma chini ya 30 mimi nachukua, kikisoma 150 wamechoka kubadilisha machujio au wanauza bomba. Kumbuka kipimo hicho kinasoma chumvi tu kwa kupitisha umeme, mafuta, dawa za kuua wadudu na vijidudu hakivioni, na usikitumbukize kwenye pombe yenyewe, kitakusomea namba ya uongo kwa sababu kilevi kinazuia umeme.

Maji ya mvua ni mazuri sana ukiyakinga kwa akili. Mvua ya kwanza ya vuli iache ioshe bati, kuna vumbi la miezi na kinyesi cha ndege, robo saa ya mwanzo iende zake. Kwa kuwa utayachemsha na kuyachuja, yanafika karibu na maji ya mvuke bila kulipa shilingi. Bati linalomwaga rangi au kutu lisihusishwe.

Maji ya chupa soma lebo. Unachotafuta ni TDS ndogo, kalsiamu ndogo, bikabonati ndogo. Yale yanayojisifia madini ndo usiyanunue kwa kazi hii, kwa kunywa ni sawa.

Maji ya betri watu wanapenda kuuliza. Ndiyo, yametolewa chumvi, kwa glasi ya majaribio unayoiangalia tu na kumwaga yatakufaa. Kwa kunywa sikushauri, hayakufungwa kama chakula, hakuna anayekuhakikishia kilichokuwa ndani ya kopo kabla, na dukani yanakaa rafu moja na asidi ya betri kwenye makopo yanayofanana. Maji yanayodondoka kwenye AC nayo yana chumvi chache, lakini yamepita kwenye mapezi ya chuma yenye vumbi na ukungu wa uozo, yaache yamwagilie maua.

Nguvu haikai sawa

Siyo kila lalamiko la maji ni la maji. Mtu anasema nimetia maji kwa hesabu, kipimo kinasoma tofauti. Hesabu ya kawaida ni nguvu ya mwanzo gawanya kwa unayotaka, toa moja, zidisha kwa lita ulizonazo, kwa hiyo lita moja ya 60 kwenda 40 inadai nusu lita. Kiukweli inadai kama mililita 514, kwa sababu maji na pombe vikichanganyika vinajibana, nusu lita ya ethanoli safi na nusu lita ya maji hazikupi lita, zinakupa kama mililita 965. Mendeleev yule wa jedwali la elementi alitetea tasnifu yake ya 1865 juu ya mchanganyiko huu wa pombe na maji. Tia kwa hesabu, pima, malizia.

Na upime kwenye nyuzi 20, vipimo vingi vya kuelea vimetengenezwa kwa joto hilo. Dar mchana chumba kina 30, kipimo kinakusomea 44 kumbe ni 40, ukiongeza maji ili ufike 40 ya kipimo umeishusha mpaka 36 hivi. Pia usipime mara tu baada ya kuchanganya kwa sababu ya lile joto la mwanzo, weka mpaka kesho. Halafu moto: pombe ya 40 inatoa mvuke unaoweza kushika kuanzia nyuzi 26 hivi, na kali zaidi mapema zaidi, kwa hiyo jiko la mkaa na sigara viwe nje ya chumba unachochanganyia, joto la pwani halitakupa nafasi ya pili.

Kuhusu kipi kimiminwe juu ya kipi, maji kwenye pombe au pombe kwenye maji, watu wanagombana sana. Nionavyo mimi kasi na joto vina uzito zaidi. Vyote viwe baridi, mimina taratibu, pumzisha, shuka kwa hatua. Ufaransa wenye konyaki wanashusha pole kwa miezi na hawajapoteza wateja.

Na zile chupa zilizokwisha haribika? Za unga mweupe ziache zitulie kabisa, nyonya ya juu kwa mpira unaofaa, pitisha kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, ni sawa kunywa kama pombe ilikuwa sawa. Za mafuta zipoze karibu na nyuzi sifuri siku nzima uchuje zikiwa baridi vilevile, ukisubiri zipate joto mafuta yanapita na karatasi. Za kutu zichuje, ila ladha ya msumari huwa inabaki. Za mpira zisinywewe. Za chumvi usizipotezee karatasi wala mkaa, chumvi iliyoyeyuka inapita kote huko. Mwenye leseni azirudishe mtamboni, na safari hii maji yapimwe kwanza.